Samadi ya bata: nani anapoteza nitrojeni zaidi, Mwingereza au mkulima wa Ahero?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Nafuga bata 60, wengi wao Muscovy. Usiku wanalala bandani, mchana wanashinda nje. Samadi yao naiweka kwenye mahindi na sukuma wiki. Mpwa wangu aliyesomea Uingereza alinionyesha jedwali la huko linalosema tani moja ya samadi ya bata ina kilo 6.5 za nitrojeni, na kwamba mmea hupata kama asilimia 10 tu msimu wa kwanza. Nilishtuka. Naye anasema kwetu hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya joto. Ni kweli? Na je, nilifuate jedwali hilo? Pia majirani wanalalamika kwamba bata wangu wanachafua mfereji wa mpunga. Nishauri.

Jibu:

Mwalimu, pokea salamu zangu. Swali la kuku hunijia karibu kila wiki. La atudo, yaani bata kwa Kijaluo, ni la nadra, kwa hiyo utanisamehe nikilifurahia kuliko inavyostahili.

Nianze na jibu lenyewe, maana walimu hawampendi mwanafunzi anayezungukazunguka. Mpwa wako amepata nusu. Chukua ndoo ya samadi mbichi ya bata, uitandaze juu ya shamba la Ahero saa sita mchana, na nyingine kama hiyo itandazwe Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwezi wa Machi. Ya Ahero itaanza kupoteza amonia, gesi inayobeba nitrojeni, haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ukiuliza hekta ya nani humwaga kilo nyingi zaidi za nitrojeni hewani na majini, ni ya Mwingereza, kwa sababu ndiye anayeweka nyingi. Na ukiniuliza wewe mwenyewe unapotezea wapi, nitakujibu kwamba sehemu kubwa haikufika shambani kabisa. Ilikutoka bandani, kwenye lundo na njiani.

Sasa tulitazame jedwali. Tarakimu hizo zinatoka kwenye mwongozo wa mbolea wa Uingereza unaoitwa RB209, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1973 na ambao siku hizi unasimamiwa na AHDB, bodi yao ya maendeleo ya kilimo. Samadi ya bata inayozungumziwa humo ina asilimia 25 ya kitu kikavu. Robo tatu ni maji. Bata wao hufugwa ndani, wanatandikiwa nyasi kavu za ngano kwa wingi na kuongezewa kila mara kwa sababu ndege huyu hulowesha kila anapokanyaga. Ndiyo maana samadi ya bata huko imewekwa kundi moja na ya ng'ombe, yenye kilo 6 kwa tani, wala si pamoja na ya kuku, ambayo ikiwa na asilimia 40 ya kitu kikavu hufika kilo 19. Kwa hiyo ile 6.5 ni kipimo cha kinyesi pamoja na nyasi nyingi na maji mengi. Kama wewe unakwangua sakafu ya udongo kwa jembe na hutandiki chochote, tani yako si tani yao.

Na ile asilimia 10 ndiyo iliyokushtua bure. Hicho ni kiasi ambacho zao la kwanza linaweza kukitumia. Asilimia 90 inayobaki haijapotea yote. Sehemu yake hupotea kweli, lakini kubwa zaidi imefungwa ndani ya nyasi na kinyesi, na vijidudu vya udongo vitaifungua kidogo kidogo misimu inayofuata. Pesa iliyoibiwa na akiba iliyofungwa kwenye SACCO zote hazimo mfukoni leo, lakini hakuna anayeziita kitu kimoja.

Ili kuona inayoibiwa inapitia mlango gani, lazima tuanze na bata mwenyewe. Ndege hawakojoi kama ng'ombe. Nitrojeni iliyozidi mwilini huitoa kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya kinyesi. Ikikaa kavu, asidi hiyo hutulia. Ikipata unyevu na hewa, vijidudu huigeuza kuwa yurea, kisha yurea huwa amonia. Kinyesi cha kuku kikikaukia sakafuni kinaweza kukaa wiki nyingi kikiwa bado na nguvu. Cha bata huanguka kikiwa majimaji, halafu mwenyewe anarudi kutoka kwenye karai akiwa amebeba maji mdomoni na manyoyani na kukilowesha tena. Kinyesi hakipati nafasi ya kukauka. Bata anaharakisha mwenyewe kuvunjika kwa mbolea yake.

Hapo ndipo joto linapoingia. Amonia ndani ya maji hukaa kwa sura mbili: moja imetulia na haipai, nyingine ni gesi inayosubiri mlango tu. Kwenye samadi yenye pH (kipimo cha uchachu; kikipanda, uchachu unapungua) ya 8 na joto la nyuzi 10, mfano wa asubuhi ya masika kule Uingereza, sehemu iliyo tayari kupaa ni kama asilimia 2. Kwa joto la nyuzi 30, la mchana wa kawaida kwenye uwanda wa Kano, hapo kwenu Ahero, ni zaidi ya asilimia 7. Karibu mara nne. Pandisha pH ifike 9 kwa joto hilohilo na sehemu hiyo inakaribia asilimia 45. Mpwa wako alisema joto; mimi ningesema joto, lakini pH inalishinda.

Kwa hiyo, Mwalimu, tafadhali acha kumwaga majivu bandani kama unafanya hivyo. Najua ni desturi ya nyumba nyingi hapa Nyanza: majivu hukausha sakafu, hufukuza chawa, hupunguza harufu kwa siku moja. Lakini majivu hupandisha pH, na ukiyachanganya na kinyesi kibichi cha bata unafukuza amonia kwa fimbo. Chokaa vilevile. Peleka majivu shambani peke yake, siku nyingine, hasa kwenye udongo mwekundu wenye uchachu.

Mwingereza ana adui mwingine. Mashariki mwa nchi yake mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, chini ya nusu ya ile ya Kisumu, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi jua halina nguvu ya kuikausha. Ardhi inajaa maji, mashamba mengi hayana mmea unaokula, na nitreti, sura ya nitrojeni inayoyeyuka majini, inazama pole pole hadi kwenye maji ya chini ya ardhi ambayo watu wanayanywa. Kwa sababu hiyo maeneo yaliyo hatarini yamewekewa sheria kali. Shamba lote lisizidishe wastani wa kilo 170 za nitrojeni ya mifugo kwa hekta kwa mwaka. Samadi ya ndege ikiwekwa kwenye ardhi tupu ifukiwe ndani ya saa 24. Na isitandazwe kabisa ndani ya mita 50 kutoka kisimani. Hesabu mwenyewe: tani 25 za samadi ya bata kwa hekta ni kilo 162, chini kidogo tu ya mpaka huo. Huo ndio ukubwa wa mchezo wao.

Wetu sasa. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha ulinganisho wa mashamba ya mahindi ya sehemu tatu za dunia, na magharibi mwa Kenya ilikuwa mojawapo. Kaskazini mwa China mkulima alikuwa akiweka kilo 588 za nitrojeni ya mbolea kwa hekta kwa mwaka, na baada ya mavuno zilibaki kilo 227 ambazo mmea haukuzihitaji. Huku kwetu ziliwekwa 7. Saba, Mwalimu. Mavuno yakaondoka na nyingi kuliko hizo, shamba likabaki na deni la kilo 52. Ninapoulizwa "nani anapoteza zaidi" hukumbuka hesabu hiyo. Kilo 5 zinazompotea mwenye ziada ni uchafu wa mazingira. Kilo 5 zinazompotea mwenye deni ni debe la mahindi ambalo halikuvunwa.

Nikufanyie hesabu ya bata wako, kwa viwango ambavyo jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, liliviweka mwaka 2006 kwa nchi zisizo na vipimo vyake zenyewe. Si kipimo cha banda lako, na bata wa kujitafutia hula protini kidogo kuliko wa biashara, lakini itakuonyesha umbo la jambo. Bata mmoja wa kilo 2.7 hutoa kama kilo 0.8 za nitrojeni kwa mwaka. Bata 60 ni kilo 48. Gunia la CAN, mbolea ya dukani, la kilo 50 lina nitrojeni kilo 13, basi bata wako wanakutolea nitrojeni ya magunia matatu na nusu na zaidi. Tuseme nusu ya kinyesi inaangukia nje: uani, njiani, mferejini. Zimebaki 24 bandani. Kwa samadi ya ndege iliyochanganyika na matandiko, IPCC hukadiria asilimia 40 hupaa kabla haijatolewa. Zimebaki kilo 14 na kitu. Shambani, asilimia 20 hupaa, na mahali penye mvua nyingi asilimia 30 huzama au hukokotwa na maji. Zimebaki 7.

Arobaini na nane zimekuwa saba: nusu gunia ya CAN kutoka kwa magunia yale matatu na nusu. Ukitazama ngazi zile utaona kwamba zote mbili za shambani kwa pamoja zimekula kilo 7, ilhali banda na uani zimekula 33. Jedwali la Mwingereza, pamoja na ubora wake wote, linaanza kuhesabu samadi ikiwa tayari kwenye trela. Wewe kufikia hapo ulishapoteza theluthi mbili. Ndiyo sababu sikushauri ulifuate. Kulinganisha hasara za shambani za nchi mbili ni halali kwa mtafiti, lakini kwa mfugaji wa Ahero kunamwelekeza macho pasipo na mwizi.

Nimeliona hilo kwa macho. Nikiwa kijana ninayejifunza kazi hii karibu na Maseno, niliacha lundo la samadi wazi pembeni mwa shamba mwezi wa Februari, nikijiambia nitalitandaza mvua ikianza. Mvua ilianza kabla yangu. Nilitandaza kilichobaki wiki tatu baadaye, nikapanda. Mahindi yalipofika magotini, mahali palipokuwa na lundo palikuwa na duara la kijani kibichi unaloweza kuliona kutoka barabarani, na shamba lote lililobaki lilikuwa la manjano. Mzee mwenye shamba alisimama akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kule chuoni tulifundishwa kurutubisha kwa miduara. Bado najua sauti yake.

Basi anza na maji ya kunywa, maana bata hutumia maji vibaya kuliko mnyama yeyote ninayemjua. Yatoe bandani. Weka chombo nje, juu ya waya wa matundu uliotandikwa juu ya shimo la kokoto, kiwe na kina cha kutosha bata kuzamisha pua lakini kisimruhusu kuingia na miguu. Bandani usiku wapate sakafu kavu. Ahero huna shida ya matandiko: vinu vinatupa maganda ya mpunga. Ila maganda peke yake ni magumu na hayanyonyi maji vizuri. Changanya na mabua ya mpunga au ya mahindi yaliyokatwakatwa. Ongeza jipya juu badala ya kugeuzageuza la chini. Kila unapogeuza unafungua mlango. Kipimo chako ni pua: ukiingia alfajiri na macho yakawasha, nitrojeni inaondoka saa hiyo hiyo unaponusa, na mapafu ya bata yanaumia pamoja na ya kwako.

Lundo liwe chini ya paa, au lifunikwe kwa karatasi ya plastiki iliyokandamizwa na mawe, juu ya sakafu iliyoshindiliwa. Wengi watakwambia uligeuze kila wiki ili liwe mboji nzuri. Wana sababu: joto la mboji huua vimelea, na kwa sukuma wiki inayokwenda mezani nakubaliana nao kabisa, usiwekee kinyesi kibichi. Lakini kila kugeuza kuna bei yake ya amonia. Mimi ningegawa: iliyooza vizuri iende kwenye sukuma, ile changa iende kwenye mahindi, chini ya udongo.

Na hapo shambani sheria ya saa 24 ya Uingereza haikufai, kwa sababu saa 24 za Ahero zina mchana mzima ndani yake. Ifukie saa hiyo hiyo, mstari kwa mstari. Ukipanda, viganja viwili ndani ya shimo, kisha udongo wa vidole vitatu, kisha mbegu. Amonia ikigusa mbegu huiunguza. Iliyobaki usiimalize siku ya kupanda. Ihifadhi hadi mahindi yafike magotini, uichimbie mfereji mdogo kando ya mstari, uifunike.

Sababu ya kuhifadhi ni mvua ya kwanza. Miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, mtafiti aitwaye H. F. Birch alipima jambo ambalo wakulima walilihisi tu: udongo uliokauka sana ukiloweshwa ghafla, vijidudu huamka kwa kishindo na kuachilia nitreti nyingi kwa siku chache. Hadi leo dunia nzima inaliita kwa jina lake, ingawa udongo ulikuwa wetu. Nitreti hiyo inamiminika wakati mahindi ndiyo kwanza yanachomoza na mizizi yake haina hata urefu wa kidole. Ukiongeza samadi yote siku hiyo, unamwandalia karamu mtoto asiye na meno.

Udongo pia una tabia yake. Ule mweusi wa Kano hupasuka kiangazi hadi unaweza kuingiza mkono, na mvua ya kwanza hupitia kwenye nyufa hizo ikibeba kila kitu. Ukishavimba na kuziba, maji husimama juu, hewa huisha, na nitreti iliyobaki hugeuzwa gesi na kurudi angani. Kule Maseno kwenye udongo mwekundu hali ni tofauti: udongo wa chini una chaji inayoishika nitreti, hivyo inazama lakini haitoroki mbali. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko miaka ya 1990 waliikuta imekaa chini ya mizizi ya mahindi, na miti ya sesbania ikaweza kuifikia na kuirudisha juu. Kwa hiyo hata ndani ya kaunti moja huwezi kuwa na asilimia moja ya hasara. Sembuse nchi nzima dhidi ya nchi nzima.

Nimalizie na mfereji. Majirani wako wana haki. Kinyesi kinachoangukia majini hakina udongo wa kukishika. Jirani wa chini hupata mbolea ya bure asiyoiomba, pengine na ugonjwa wa tumbo asiouomba pia, na kinachobaki hufuata maji hadi Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambako gugumaji halihitaji msaada wetu. Umbali ambao Waingereza wanauheshimu, mita 10 kutoka mto au mfereji na 50 kutoka kisima, ni kitu kimoja cha kwao ambacho ningekichukua kama kilivyo, hasa kwa lundo na banda. Bata wachimbie kidimbwi chao, hata kiwe cha ukubwa wa kitanda, na maji yake machafu yaelekeze kwenye migomba au nduma.

Kama wewe au jirani mna mpunga, kuna njia ya kuwageuza walalamikaji kuwa wabia. Japani mkulima Takao Furuno aliieneza: vifaranga vya bata 15 hadi 20 kwa sehemu ya kumi ya hekta, yaani kama robo ekari yetu, huingizwa majarubani wiki moja au mbili baada ya miche kupandikizwa. Wanakula magugu na wadudu na kuacha kinyesi pale pale mizizi ilipo. Tope wanalolikoroga huzuia mwanga, na hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwani ukistawi kwenye maji angavu ya jaruba hupandisha pH hata kuvuka 9 ifikapo adhuhuri, na umeshaona amonia hufanya nini hapo. Lakini usipeleke wale Muscovy wako wakubwa. Watalala juu ya miche. Peleka vifaranga, weka uzio wa wavu, na uwatoe mara tu mpunga unapoanza kutoa masuke, maana bata hajui gugu liliishia wapi na chakula chako kilianzia wapi.